Nilivyomnyima Baba Mkwe Karibu

Niseme mapema tusije tukadanganyana: mimi ni mwoga. Si mwoga wa watu. Konda akinizidishia nauli nabishana naye mpaka kituo cha mwisho. Woga wangu ni wa hadithi. Nihadithie habari za jini saa nane mchana, jua linawaka, ikifika saa mbili usiku siendi chooni bila kusindikizwa. Nina miaka thelathini na sita, nina mke, nina kitambulisho cha taifa.

Aliyenipanda mbegu hii ni bibi yangu mzaa mama, aliyetulea Pangani. Bibi alikuwa na mumiani wake. Mumiani wa bibi hakuwa na meno marefu wala joho jeusi. Alikuwa mtu wa kazi: ana gari, ana kamba, ana bomba la sindano. Anakukamata jioni unatoka kisimani, damu yako inakwenda kutengenezewa dawa. Enzi za mkoloni hofu hiyo ilienea pwani na bara, na kule Nairobi waliosingiziwa ni watu wa zimamoto, ikawa mtu akiliona gari lao anatimua mbio badala ya kushukuru. Kwa hiyo mnyonya damu wa kwetu alikuwa mwajiriwa, pengine na likizo anapewa. Halafu mwaka 1995 jini aitwaye Popobawa akaitikisa Pemba na Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi. Mimi nilikuwa mtoto, niko Pangani, bahari nzima iko kati yetu, lakini usiku ule ule nilihamia katikati ya kaka zangu wawili kitandani, na sikutoka hapo mpaka mkubwa alipooa.

Sasa mtu wa namna hii unamletea tamthilia ya vampaya nyumbani kwake ili iweje?

Aliyeileta ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Anasoma chuo hapa Dar, na wikiendi anakuja kwetu Kimara kufua na kula, kwa mpangilio huo. Jumamosi moja kaja na flashi, ndani kuna The Vampire Diaries, sizoni zote nane, episodi 171. Wakakaa yeye na dada yake sebuleni. Mimi nikajitolea kupika. Mke wangu alinitazama kama mtu anayetazama kuku akijitolea kuchinja.

Nikaanza kuiangalia kwa masikio. Niko jikoni, nakata vitunguu, huku nasikia wanaume wawili wanagombana sebuleni, ndugu wa tumbo moja, sauti za chini za watu wenye kisasi cha siku nyingi. Nikasogea mlangoni. Nikauliza tu, kwa heshima: hawa wanagombea nini? Shemeji akasema, mwanamke. Nikauliza, tangu lini? Akasema, tangu 1864.

Basi, nikazima jiko.

Maana hiyo si hadithi ya kutisha, jamani, hiyo ni kesi ya familia. Stefan na Damon Salvatore wamegeuzwa vampaya mwaka 1864 kwa sababu ya mwanamke mmoja, Katherine. Mwaka 2009 wanakutana tena kwenye mji wao wa Mystic Falls, kule Virginia, na wote wawili wanamwangukia Elena, msichana mwenye sura ile ile ya Katherine, kovu kwa kovu. Stefan ana miaka kumi na saba tangu mwaka huo wa 1864, na amerudi anafanya nini? Kajiandikisha sekondari! Anakaa darasani na daftari, anamsahihisha mwalimu wa historia. Mimi ningepewa uzima wa milele, kitu cha mwisho ningekirudia ni kidato.

Wiki mbili baadaye nilikuwa naangalia kuliko wao. Matukio ya damu nafumba macho na kumuuliza shemeji, "Tayari?" Anasema, "Tayari shem," nafumbua, na mara nne kati ya tano anakuwa amenidanganya. Nilitafuta mtandaoni nikakuta Mystic Falls yenyewe haipo, picha walichukulia mji wa Covington, Georgia. Hilo lilinifariji siku mbili.

Kilichonimaliza ni kanuni zake. Niliwajua vampaya kwa kusikia tu, nikidhani kitunguu saumu kinatosha. Kumbe hawa wa tamthilia hii wanakula kitunguu saumu kama sisi. Msalaba kwao pambo. Kwenye kioo wanaonekana. Jua lingewaunguza, lakini wana pete zenye jiwe la bluu, wanatembea mchana kweupe. Kinachowadhuru ni mmea mmoja unaoitwa vervain, ambao sokoni Kimara nimeuulizia mpaka nikaonekana mganga, na mti wenye ncha ukiingia moyoni. Na kuna kanuni moja ya kiungwana sana: vampaya haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Anasimama kizingitini, anatabasamu, anasubiri neno lako. Ukishalitamka, umekwisha.

Sasa fikiria Mswahili na kanuni hiyo. Mmarekani anaweza kuishi mwaka mzima asimkaribishe mtu. Sisi mtu hajamaliza "ho..." tumeshamwambia "karibu", na hatujui ni nani. Unaweza ukawa bafuni na sabuni machoni ukakaribisha jambazi. Nilipiga hesabu nikaona kwa siku moja nyumba yetu inatoa "karibu" si chini ya ishirini. Vampaya akishuka pale Kimara Mwisho, kwetu hahitaji hata kuuliza njia.

Tena kuna suala la kisheria ambalo mpaka leo halijanitoka. Mwenye haki ya kukaribisha ni mwenye nyumba. Kwenye tamthilia Stefan na Damon waliwahi kumwandikia Elena hati ya nyumba yao ili yeye ndiye awe na neno la mwisho mlangoni. Mimi ni mpangaji, chumba na sebule, kodi nimelipa ya miezi sita. Karibu yangu inahesabika? Au vampaya mpaka ampigie simu mama mwenye nyumba Mbezi? Na kodi ikiisha tarehe thelathini, vampaya aliyekaribishwa tarehe ishirini anatoka mwenyewe? Nilimuuliza mke wangu. Alizima taa.

Kwa tahadhari nikaacha kusema karibu. Sikutangaza, niliacha tu. Mtu akipiga hodi nasema "Naam" au "Sema." Mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi alisimama nje mpaka akasahau alichotumwa. Mke wangu akasema nimekuwa na kiburi tangu nipandishwe cheo pale dukani, na mimi nikaona heri niitwe mwenye kiburi kuliko niseme ukweli. Mnyonya damu pekee aliyeendelea kuingia bila ruhusa alikuwa mbu.

Tufike kwenye usiku wenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Desemba. Mke wangu ni muuguzi, alikuwa zamu ya usiku. Shemeji yuko hosteli. Mimi peke yangu na laptopu, nimefika episodi ya mwisho ya sizoni ya kwanza. Mtu mwenye akili timamu angeiacha mpaka asubuhi. Saa nne na robo umeme ukakatika, mtaa mzima giza. Jenereta la duka la jirani likaanza kunguruma. Laptopu ilikuwa na chaji, nikasema nimalizie, zimebaki dakika kumi.

Kama hujaiangalia nisamehe, umekuwa na muda wa kutosha tangu 2010. Dakika hizo kumi za mwisho, Elena anafika nyumbani usiku, mama yake mdogo anamwambia aingie ndani. Anaingia. Anakwenda jikoni. Kumbe si Elena. Ni Katherine, amekuja na sura ya mtoto wa nyumba, na hapo hapo jikoni anamkata mtu vidole kwa kisu.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sikumbuki nilikiweka wapi.

"Hodi."

Si kwenye laptopu. Mlangoni kwangu.

Nilibana pumzi. Jenereta linanguruma, huku moyo unajibu.

"Hodi wenyewe."

Sauti ya mwanamume, ya chini, ya polepole, sauti ya mtu asiye na haraka kwa sababu ana miaka mia moja na sitini. Nikajikuta nauliza, "Nani?"

"Mimi."

Hakuna jibu baya duniani kama "mimi". Kila mtu ni mimi. Hata Katherine angejibu hivyo hivyo. Nikauliza, "Mimi nani?"

"Mimi baba."

Baba yangu mzazi tulimzika 2011. Nililishika jeneza kwa mikono yangu, upande wa kushoto.

Nilitambaa mpaka jikoni. Sikuwa na vervain, lakini kanuni ya mti naijua, na mti wenye nguvu kuliko yote ndani ya nyumba ile ulikuwa mwiko wa ugali. Hauna ncha, lakini mwiko wa mvule ukiutia nguvu utafika unakokwenda. Nikarudi nyuma ya kochi nikampigia shemeji, maana yeye ndiye mtaalamu. Nikanong'ona: "Shem, kuna mtu mlangoni anapiga hodi, anasema yeye ni baba."

Shemeji akaangua kicheko. Alijua nilikuwa naangalia episodi gani, tuliagana jioni. Akadhani namsimulia. Akasema, "Usimkaribishe huyo shem! Ukimkaribisha tu, ameua mtu!" Akakata simu, ana mtihani asubuhi.

Basi, nimeshapewa ushauri wa kitaalamu.

Nikachungulia pembeni ya pazia. Mwanga wa taa ya duka la jirani ulikuwa unafika barazani nusunusu. Namwona mtu mrefu, kanzu nyeupe, kofia imetia kivuli usoni, bakora mkononi, begani kabeba kitu. Na kuanzia begani mpaka kifuani, kanzu ina doa jekundu, bichi, linameremeta. Akasema jambo, jenereta likalimeza, nikaambulia vipande: "...damu ... yananichuruzika ... nifungulie nipumzike."

Hapa inabidi nijitetee kidogo. Mtu atauliza, hukumtambua? Baba mkwe nilikuwa nimeonana naye mara tatu maishani, siku ya posa, siku ya ndoa na msiba mmoja, Lushoto zote, na mara zote tatu nimeinamisha kichwa kwa adabu. Miguu yake naijua vizuri sana. Ungenipa miguu kumi ningeichagua. Ila uso sikuwahi kuupa nafasi.

Nikajishauri kisomi. Nikasema, mimi ni mtu wa elimu, nifanye jaribio. Nitafungua mlango, lakini sitatamka lile neno. Akiwa binadamu, ataingia tu, mlango si uko wazi? Akiwa vampaya, atakwama kizingitini. Hata leo sioni kosa katika jaribio lile.

Nikavuta komeo, nikausukuma mlango kwa mguu, nikarudi nyuma ya kochi, mwiko juu. Nikasema, "Mlango uko wazi."

Mzee akasogea. Ncha za makubazi yake zikafika kwenye kizingiti, zikasimama pale pale, kama zimegonga kioo. Hakuingia. Akakohoa kidogo. Akasubiri. Mimi nasubiri, yeye anasubiri. Kisha kwa sauti ya upole iliyonipandisha nywele za shingo, akasema:

"Nikaribishe basi."

Nilipigiza mlango ule kwa nguvu mpaka saa ya ukutani ikaanguka. Nikatia komeo la juu, la chini, nikasukuma kochi, nikakalia kochi. Nje nikasikia hodi ya mwisho, ndogo, ya mtu anayetimiza wajibu, halafu bakora ikaondoka taratibu, tok, tok, tok.

Nililala pale pale kwenye kochi, mwiko kifuani.

Saa moja asubuhi, mke wangu anagonga. Hagongi, anabomoa. Nikamuuliza jina la shule yake ya msingi kwanza, akaitaja pamoja na matusi mawili, nikafungua. Nyuma yake, barazani kwa mama mpangaji wa chumba cha mbele, wamekaa wapangaji wote wa nyumba kwenye mkeka, chai na maandazi katikati, na katikati yao mzee mmoja, kanzu ina doa, anasimulia. Mbele yake boksi limelowa, na ndani yake matunda damu ya Lushoto, yale ya duara, mekundu mpaka yanaelekea weusi, nusu yamepondeka.

Nikatazama miguu. Ilikuwa yenyewe.

Kumbe mzee alikuwa aje Jumapili, akaona awahi. Basi lao likaharibika njia nzima, wakaingia stendi ya Mbezi saa tatu usiku, simu imekwisha chaji, akachukua bodaboda huku boksi kaliweka begani, na kila shimo la barabara likawa linakamua juisi. Kafika. Kapiga hodi mara tatu kama alivyofundishwa. Kafunguliwa mlango na mkwe asiyeonekana, anayesema toka gizani kwamba mlango uko wazi. Sasa Msambaa wa miaka sabini na mbili, mwenye adabu zake, ataingiaje kwa mkwewe usiku bila kuambiwa karibu? Akaomba akaribishwe. Akapigiziwa mlango, akasikia na kitu kinavunjika.

"Nikajua mna ugomvi ndani," alisema. "Nikaona nisiwaingilie."

Mke wangu akageuka kunitazama. Akatazama mwiko, maana bado nilikuwa nao.

"Na huo wa nini?"

Kuna maswali ambayo mtu hujibu akiwa na wakili. Nilipiga magoti mbele ya baba mkwe, nikasema shikamoo, na kwa kuwa watu walikuwa wengi na mimi sikuwa nimelala, nikasema ukweli wote: tamthilia, ndugu wawili, Katherine, vidole, kanuni ya kizingiti, "mimi baba". Mama wa chumba cha mbele alicheka mpaka akamwaga chai. Mzee hakucheka. Aliitikia marahaba, akakaa kimya akipangusa tunda moja kwenye kanzu, ambayo haikuwa na cha kupoteza tena. Kisha akasema:

"Mimi mumiani nimekua nikiwasikia. Mama yangu alikuwa akitufungia ndani jua halijazama. Lakini niambie, baba. Mumiani gani anapiga hodi?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Alikaa nasi siku tano, na siku ya pili akataka kuwaona hao walioniharibia akili. Shemeji akaja na flashi, kakaa mbali na mimi, naye baba yake alishamsomea mashtaka ya kushauri nje ya kikao. Mzee aliangalia episodi tatu, tunamtafsiria kwa zamu, na wala hakufumba macho penye damu. Alichinja ng'ombe maisha yake yote. Kilichomkera ni kingine kabisa.

"Ndugu wamegombana tangu 1864," alisema, "na hakuna mzee hata mmoja aliyewaita kikao?"

Tukamwambia wazee wao walishakufa. Akasema hata wajomba? Akapendekeza Damon apewe onyo na Stefan aambiwe atafute binti wa mji mwingine. Akaenda kulala. Ingekuwa kwake, ile tamthilia ingeisha kwa sizoni moja, na chakula kikaliwa.

Asubuhi ya kuondoka alinishika bega pale stendi, akasema yeye binafsi hana kinyongo, lakini mila ni mila, na mkwe aliyemfungia mlango baba mkwe anadaiwa mbuzi. Dume, tena asiwe wa kukohoa. Nililipokea kwa mikono miwili. Niliona nimepona kwa bei nafuu.

Mwezi wa tatu nikampeleka. Nilifika Lushoto magharibi, ukungu umeshuka, baridi inauma masikio, kamba ya mbuzi imenikata kiganja. Nyumba ina taa. Ndani nasikia watu, nasikia vikombe, nasikia mke wangu aliyetangulia kwa siku mbili. Nikasimama kizingitini kwa adabu zangu zote.

"Hodi!"

Vikombe vikanyamaza.

"Hodi wenyewe!"

Mtu akakohoa. "Nani?"

Nikajua. "Mimi, baba."

"Mimi nani?"

Nikajitambulisha kwa jina langu, la baba yangu, la babu, na kazi ninayofanya. Nikasikia shemeji anabanwa mdomo na mtu. Muda ukapita, ukungu ukaniingia kwenye shati. Mbuzi akachoka kuvumilia, akalia.

"Mbuzi," mzee akaita kutoka ndani, "karibu."